Tikitaka Sebuleni kwa Wakwe

Wanangu, nimeaibika. Tena si ile aibu ya kuteleza sokoni, ukaamka, ukajifuta vumbi, ukaendelea na safari zako. Nimeaibika ukweni. Siku ya kwanza. Nikiwa nimevaa suti.

Naandika hapa kundini nikiwa stendi ya Biharamulo, nasubiri gari la kurudi Ngara. Shangazi Gaudensia amekaa pembeni yangu anacheka peke yake. Kila akijitahidi kunyamaza, ananitazama soksi, anaanza upya. Watu wanadhani mama wa watu anaumwa. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hatujafika Nyamiaga, maana huyu akianza yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki wala hakihitaji chumvi.

Mnamjua Leokadia wangu, yule mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Kaniha, huku Biharamulo. Leo ilikuwa siku ya mimi kwenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Baba yake, Mzee Bujiku, ni Msukuma, mkulima wa mahindi, na zamani alikuwa beki anayeogopwa. Mama yake ni Mzinza. Mimi Mhangaza wa Nyamiaga, nina duka la vipuri vya pikipiki na mdomo mrefu kuliko duka.

Jana Leokadia alinipa somo kwa simu.

"Deo, sikiliza vizuri. Baba yangu huwa hasemi ndiyo wala hapana. Akikwambia 'mlete mshenga', umepita. Akikwambia 'tutaonana', chukua viatu vyako uondoke. Hiyo ni hapana, na huwa hairudiwi."

"Kuna mtu aliwahi kuambiwa tutaonana?"

"Wawili."

(Wawili! Mwaka mzima tuko pamoja, hajawahi kunitajia hata mmoja!)

Sikulala vizuri. Nampenda yule dada, jamani, nisiwafiche. Nimeshazoea kila jioni apite dukani anisahihishie hesabu na kunisema. Nikawaza, nikiambiwa tutaonana, jioni nitakuwa nakaa na nani? Na nyie?

Somo la pili nilipewa na Shangazi leo asubuhi tukiwa safarini. Yeye aliolewa huku Biharamulo miaka mingi kabla hajarudi Ngara, kwa hiyo anazijua mila zao.

"Deo, huko si kwetu," akaniambia. "Kwetu mgeni akifika tunamkumbatia, tunamshika mabega, tunamuuliza habari za watu mpaka za kuku. Huko mama mkwe hashikwi. Humpi mkono. Hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, wewe geuka, inama, mpishe apite. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na nikimgusa kwa bahati mbaya?"

"Usimguse."

"Lakini tuseme imetokea."

"Deo! Usimguse!"

Nikacheka sana. Nikamwambia, Shangazi, mimi nitamgusaje mama wa watu? Nimekuja kuposa au kucheza mieleka?

(Hayo maneno yawekeni akilini.)

Tukafika Kaniha salama, na dumu letu la pombe ya ndizi na mkungu mmoja wa matoke. Nyumba safi, bati jipya, uani kuna mbuzi wamefungwa. Viatu tukavua mlangoni. Nikatazama sakafu. Mungu wangu! Sakafu ya saruji imepakwa nta nyekundu, ikasuguliwa mpaka unajiona meno. Leokadia alikuwa ameamka alfajiri kuing'arisha kwa heshima yangu. Mimi nami, kwa heshima yake, nilikuwa nimenunua soksi mpya. Nyeupe. Za nailoni.

Hatua ya kwanza tu mguu ukaenda mbele yangu. Nikajikaza. Nikaingia sebuleni kwa mwendo wa polepole, na Shangazi akaninong'oneza, "Vizuri, unatembea kwa adabu." Nikamwambia Shangazi, hii si adabu, hii ni breki.

Mzee Bujiku alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Basi. Shangazi akasema yake, habari za safari, habari za mvua, akakabidhi dumu. Mzee akaitikia, "Asanteni," akalisogeza dumu kando ya kiti. Hakulifungua. Nikamtazama Leokadia, Leokadia akatazama chini. Nikajua jua limeanza kuwaka.

Mama mkwe hakuwepo sebuleni, kama Shangazi alivyosema. Alikuwa upande wa pili wa pazia, kwenye mlango unaoelekea vyumbani. Pazia lenyewe la maua ya njano, limening'inizwa kwenye ufito.

"Karibuni wageni," pazia likasema.

Nikainama mbele ya pazia mpaka tai ikagusa sakafu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Sauti tamu, ya upole. Nikasema moyoni, angalau nina mtu mmoja hapa.

Tukakaa. Saa ya ukutani inagonga. Mzee ananitazama kuanzia nywele mpaka soksi, halafu anarudi juu. Mwishoni akauliza:

"Nasikia unacheza mpila."

Hapa ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angesema, kidogo baba, tunajaribu. Mimi? Kifua kikajaa.

"Ndiyo baba! Namba tisa! Timu ya kata! Msimu uliopita nimefunga sana tu."

(Msimu uliopita nilifunga mawili, na moja lilikuwa golini kwetu. Nyie mnajua. Nyamazeni.)

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Meno yote. Akageuka akamwita mwanawe, Filbert, kaka yake Leokadia, anayefanya kazi Mwanza na yuko likizo.

"Filbert. Washa."

Kumbe Filbert amerudi na mashine mpya ya gemu, ameiunganisha kwenye runinga ya sebuleni. Gemu la mpira wa miguu. Nikafurahi. Gemu nalijua, nimekulia kwenye mabanda ya gemu pale Ngara mjini. Nikanyoosha mkono nipewe pedi.

"Hii haina pedi, shemeji," Filbert akaniambia. "Pedi ni wewe mwenyewe."

Akanionesha kijicho kidogo cheusi kimekaa chini ya runinga. Kile kijicho kinakutazama. Ukipiga teke hapo uliposimama, mchezaji wako naye anapiga. Ukikimbia papo hapo, anakimbia. Ukiinama, anainama. Ukisimama ovyo, anasimama ovyo mbele ya dunia nzima.

"Na anayeongoza kijiji kizima ni huyu," Filbert akaongeza, akimwonesha baba yake kwa kidevu. "Toka nimefika hajafungwa goli hata moja."

Mzee akanyanyuka, akajinyoosha mgongo. Halafu akanipa sharti.

"Kijana, ukinifunga goli moja, moja tu, tutaongea hilo lililokuleta. Ukishindwa..." Akanyanyua fimbo akainyoosha mlangoni, vilipo viatu vyangu. "Tutaonana."

Huko nyuma Leokadia akaangusha kijiko.

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikatazama huku na huku nitafute mwenzangu wa kucheka naye. Hakuna. Shangazi alikuwa ameshaanza kusali rozari.

Tukasimama mbele ya runinga. Filbert akaniambia, "Vua koti shemeji, litakubana." Shangazi akadakia, "Havui! Mtu hajitambulishi ukweni na fulana!" Basi nikabaki na koti langu, tai yangu, na soksi zangu za nailoni. Mashine ikaniamuru ninyooshe mikono ili inisome. Nikainyanyua juu nikaipinda, vile tunavyofanya kwetu kwenye ngoma, mikono kama pembe za ng'ombe. Mashine ikanikataa. Ikaandika simama vizuri. Mzee yeye ikamsoma mara moja.

Tena si yeye tu. Ikaisoma na fimbo yake! Pale kwenye runinga mchezaji wake alikuwa anapiga chenga ambazo mtu wa miguu miwili hawezi. Nikaona hapana, hii lazima niiseme.

"Filbert, fimbo inaruhusiwa?"

"Mashine haijalalamika, shemeji."

Filimbi ikalia. Nikaanza kukimbia papo hapo, kwa hatua fupifupi ili nisiteleze. Nikapata mpira. Nikampita mmoja, nikampita wa pili. Jamani, nilikuwa najiona! Nikabaki mimi na kipa. Nikavuta mguu nipige... na mlangoni akaingia bibi mmoja jirani, mzee sana, kaja kuwaona wageni.

"Hodi humu!"

Sasa niambieni. Umelelewa na wazazi Wakatoliki wa Ngara. Bibi wa rika la nyanya yako ameingia. Uko ukweni. Unafanyaje? Nikaacha kila kitu, nikageuka, nikapiga goti.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu, hujambo?"

Nyuma yangu filimbi. Kelele. Nageuka, namkuta mchezaji wangu kalala chini na beki wa watu kalala pembeni yake anagaragara. Kile kijicho kimeona napiga goti, kikajua namkata mtu miguu! Kadi ya njano! Na wakati bado namuuliza bibi habari za magoti yake, Mzee kapiga mpira wa adhabu kwa fimbo. Ndani.

Moja bila.

"Endelea kumsalimia," Mzee akasema. "Mimi sina haraka."

Kutoka kwenye pazia nikasikia mtu anafyonza meno. Halafu sauti ndogo, "Aaa, angemsalimia huku anacheza!"

Nikashangaa. Mama mkwe anafuatilia mpira!

Tukaendelea. Nikatulia. Nikaanza kumsoma Mzee. Fimbo yake ikienda kulia, na yeye anaenda kulia, nikamjulia hapo. Nikamnyang'anya mpira kwenye eneo langu, nikawa nataka kuutoa mbele, mara Leokadia akapaza sauti:

"Mama anapitaaa!"

Jikoni kwao kuko uani, na mlango wa nyuma umezibwa na magunia ya mahindi. Kwa hiyo mama akitaka kwenda jikoni lazima akatize sebuleni, na akikatiza, mimi lazima nimpishe. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikageukia ukutani, nikainama, nikaziba uso kwa mikono miwili. Nikasikia kandambili zinapita nyuma yangu, pa, pa, pa, mpaka nje. Nikajisifu. Mkwe mwenye adabu ndiye huyu.

Filimbi.

"Umeshika," Filbert akasema.

"Nimeshika nini?"

"Mpira. Kwa mikono miwili. Kwenye boksi."

Penati! Mzee akapiga kwa mguu wa kweli safari hii, kwa dharau. Mbili bila.

Na aliyekwenda jikoni si atarudi? Nilikuwa nalijua hilo. Nikawa nacheza jicho moja kwenye runinga, jingine mlangoni. Nikajiambia safari hii nikigeuka siweki mikono usoni, naiweka mgongoni. "Mama anapitaaa!" Nikageuka, nikainama, mikono mgongoni. Safi kabisa. Hakuna filimbi. Ila mchezaji wangu wa mwisho naye kageuka, kainama, kaweka mikono mgongoni, na Mzee akampita taratibu kama anampita mtu anayechuma mboga.

Tatu bila. Wanangu, heshima imenifungisha magoli matatu! Ningekuwa mhuni asiye na malezi, ningekuwa naongoza.

"Huyu ndiye namba tisa?" Mzee akamuuliza Shangazi.

"Nyumbani huwa anacheza vizuri," Shangazi akajibu. Halafu akaninong'oneza, "Deo mwanangu, mbona unatuaibisha?"

Jasho linatiririka. Koti limenibana kwapani. Leokadia amesimama mlangoni na sufuria mikononi, ananitazama tu, na macho yake yameanza kulowa. Hapo ndipo utani ukaniisha. Nikaona kweli naweza kuondoka hapa bila huyu dada, kwa sababu ya gemu! Nikawaza kusimama nimwambie Mzee, baba, niletee hata punda nimpande, ila hili usinipime nalo. Nikakosa ujasiri.

"Dakika za nyongeza," Filbert akatangaza.

Nikakimbia papo hapo kwa nguvu zangu zote. Nikapiga shuti, beki wake akautoa nje. Kona! Kona ya mwisho, maana baada ya hapo mpira unaisha. Mashine ikanipa mchezaji mmoja katikati ya boksi, ikaandika jiandae.

Pazia likaninong'oneza.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Umekaribia mno."

Nikarudi hatua moja.

"Bado. Rudi tena. Upate nafasi ya kuvuta mguu."

Nikarudi. Sauti ikawa sasa iko karibu kabisa na sikio langu, ila sikugeuka. Ningegeukaje? Ni mwiko! Nikakaza macho kwenye runinga. Kona ikapigwa. Mpira ukapaa, ukaja, ukaja, ukaanza kushuka.

"SASA!" pazia likapiga kelele.

Nikarusha mguu wa kulia. Wanangu, nilipiga kwa nguvu zote za Nyamiaga. Niliweka mapenzi yote, duka lote, na usingizi wote wa jana. Na mguu wa kushoto, uliobaki chini kwenye nta na soksi ya nailoni, ukaona kwa nini ubaki peke yake. Nao ukaja juu.

Nikaona bati. Nikaona miguu yangu miwili iko juu ya kichwa changu, soksi nyeupe zinang'aa. Mikono ikatafuta kitu cha kushika. Ikapata pazia. Pazia likaja na ufito wake, na maua yote ya njano yakanifunika uso. Nikaanguka puu! Sioni kitu, nimeviringishwa kwenye kitambaa, mikono bado inatafuta. Ikapata kitu kingine. Kitu cha mviringo, kigumu kiasi, kina joto. Nikakikumbatia kwa mikono miwili.

Kikapiga yowe.

Wakati huohuo mashine nayo ikalipuka kwa kelele, "GOOOOLI!" Uwanja mzima umesimama, filimbi, matarumbeta. Kile kijicho kimeniona nimepaa miguu juu mgongo chini, kikasema hii ni tikitaka, na mchezaji wangu akapaa angani akaupiga mpira kinyumenyume ukaingia juu kabisa kwenye kona ya lango! Goli zuri kuliko yote niliyowahi kufunga maishani, na mimi niko chini ya pazia nimekumbatia mguu.

"Deo, achia!" sauti ya Leokadia.

"Niachie nini?"

"Mguu wa mama!"

"Nimeachia!"

"Hujaachia!"

"Huu si mguu wa meza?"

"MEZA INAVAA KANDAMBILI?"

Nikaachia. Nikasikia mbio, pa, pa, pa, zinapotelea chumbani. Nikalitoa pazia usoni. Shangazi kashika kichwa. Bibi jirani kafungua mdomo, hajaufunga. Na kwenye runinga, wanangu, marudio! Mashine ile ukifunga goli inaonesha marudio ya mchezaji, na pembeni, kwenye kisanduku kidogo, inakuonesha na wewe uliyepiga. Polepole. Mimi huyo na suti yangu, napaa polepole. Nalishika pazia polepole. Mama mkwe anatokea nyuma ya pazia polepole, ana bakuli la karanga. Karanga zinaruka polepole. Ikarudia mara ya pili kwa upande mwingine.

"Filbert, zima," Mzee akasema.

Filbert akazima. Karanga moja ilikuwa bado inabingirika sakafuni, tukaisikiliza wote mpaka ikasimama.

Mzee akakaa kwenye kiti chake. Akaweka fimbo katikati ya magoti. Mimi nikabaki palepale chini, nimepiga magoti, nta nyekundu imenijaa mgongoni. Nikajua limekwisha. Goli nimefunga, lakini goli gani hilo? Nimevunja mwiko mbele ya mashahidi, na marudio yapo.

"Kijana."

"Baba."

"Umemshika mama mkwe wako."

"Ndiyo baba. Nisamehe baba. Sikukusudia, nimeteleza."

"Nimekuona ulivyoteleza. Mala mbili. Hapa kwetu, hilo lina faini. Utaleta mbuzi, mama asafishiwe hiyo aibu."

"Nitaleta baba, hata kesho." Wanangu, nawaambia ukweli, nikaona nisijikaze tena. "Faini nitalipa. Na kama jibu lenyewe ni tutaonana, nimeelewa. Ila naomba ujue namna ninavyompenda Leokadia si namna ninavyocheza mpira. Huko najitahidi zaidi."

Mzee akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akaishika fimbo kwa nguvu, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kimemzidi!

Na hapohapo Shangazi wangu akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakajibu uani.

"Shangazi, jamani, unashangilia nini? Nimetozwa faini!"

"Mjinga wewe!" akasema, machozi ya kucheka yanamtoka. "Mgeni akianguka kwenye nyumba ya watu anapewa pole. Anayetozwa faini ya mama mkwe ni nani? Si mkwe?"

Nikamtazama Mzee. Mzee akawa anajifuta macho kwa kiganja.

"Mlete mshenga," akasema. "Na huyo mbuzi aje naye. Sitaki safari mbili."

Halafu akainama, akalivuta dumu letu la pombe ya ndizi, akalifungua mwenyewe, akaomba glasi. Leokadia akakimbilia nje na sufuria yake ili asionekane anacheka na kulia pamoja. Mimi nikajaribu kusimama kwa heshima, nikateleza tena, nikaamua kukaa palepale nilipo.

Wakaning'iniza khanga mlangoni badala ya pazia. Tukala wali na kuku wa kienyeji, nimekaa upande mmoja tu maana upande wa pili haukaliki. Tulipoanza kuaga, nikainama mbele ya khanga kwa mbali sana, mbali kabisa, karibu na mlango wa nje.

"Mama, kwaheri. Nisamehe kwa yaliyotokea."

Khanga ikasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Mbuzi awe jike." Ikaongeza: "Na lile goli, mwanangu, lilikuwa halali kabisa."

Ndiyo hivyo. Gari la Ngara linaingia sasa hivi. Soksi zilizokuwa nyeupe ni nyekundu, suti mgongoni nayo nyekundu, kiuno kinawaka moto, na nimepata mke. Natafuta mshenga mwenye busara na mbuzi jike mwenye afya, anayejua pa kupatikana aniambie. Tatizo limebaki moja tu. Filbert hakufuta yale marudio, na Leokadia ameomba atumiwe, na Leokadia hajui kutunza siri zangu. Yakifika kwenye kundi hili, naomba tuheshimiane. Maana atakayecheka, tutaonana.